Jino Moja

Usiwashe, Doreen. Acha ufunguo hapo mezani,
penye kikombe. Usiwashe tena.
Nilikusikia asubuhi ukipandisha Barabara ya Red River,
baridi nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
na nyuma ya ule mngurumo wa kitajiri
kitu kinakwaruza, kama mbwa anayekokota
mnyororo wake juu ya bati.

Sekunde nne, unasema, halafu kinanyamaza.
Mwezi Oktoba zilikuwa mbili.
Gordon alinicheka nilipomhesabia.
"Aulis," akasema, "gari la dola elfu tisini halikohoi,
linasafisha koo."

Njoo uone. Shika taa.
Humu ndani kuna valvu na kuna pistoni
na zote zinataka nafasi ileile.
Miaka kumi na sita hazijagusana,
kwa kuwa mnyororo mmoja, mwembamba kuliko kidole changu hiki kilichobaki nusu,
unaziambia: wewe ingia, wewe toka,
sasa, si sasa.
Hayo ndiyo majira. Hakuna uchawi mwingine.

Basi mnyororo umerefuka. Chuma hurefuka, ndiyo,
hata cha Wajerumani;
kila pini inakula tundu lake, unywele kwa mwaka.
Na reli zinazouongoza ni plastiki. Plastiki, Doreen!
Viti wakavivisha ngozi ya ndama,
dashibodi wakaipamba kwa mbao za mjozi,
moyo wakauegemeza kwenye plastiki
iliyokauka rangi ya meno ya mvuta tumbaku.
Vipande nimevikuta kwenye oili,
hivi hapa, kwenye kifuniko cha jemu.

Na wameuweka wapi? Nyuma,
kati ya injini na gia boksi,
kama mtu afichaye hati ya deni
nyuma ya picha ya harusi.
Kuufikia lazima nishushe vyote.
Hiyo gia boksi nayo, nisingependa kusema,
oili yake inanuka mkate ulioungua.
Elfu kumi na moja.
Gari lenyewe, likiwa zima, elfu sita.

Najua mlilinunua lini. Kiwanda cha karatasi kilikuwa na zamu tatu,
Gordon msimamizi,
akalizungusha mara mbili mbele ya ukumbi wetu wa Wafini
akipiga honi, sisi tumesimama na kahawa zetu.
Kiwanda wamekibomoa, wameuza mpaka boliti.
Gari likabaki kuwa shahidi.

Yule kijana wa Dryden anapenda viti?
Usimuuzie. Au muuzie, lakini mwambie.
Mnyororo ukiruka jino moja, taa inawaka.
Mawili, injini inatetemeka ukisimama.
Matatu, pistoni inakutana na valvu,
nawe uko barabara kuu, usiku, malori ya magogo nyuma yako,
na usukani mzito kama mlango wa ghala.

Jino moja. Mimi nalijua jino moja.
Mwaka wa themanini na tatu, dansi ya katikati ya kiangazi,
nilitoka nje dakika tano
kumsaidia mjomba Veikko kuwasha lori.
Niliporudi bendi ilikuwa imebadilisha wimbo
na mkono wa Gordon ulikuwa tayari
pale mgongoni mwa lile gauni la kijani...
Nilikuwa nasema nini?

Oili. Angebadilisha oili mapema.
Hapana, simlaumu marehemu. Alisubiri taa iwake,
na wengi wetu husubiri taa.

Vaa koti. Nitakupeleka nyumbani.
Pikapu yangu haina ngozi, hita inapuliza upande wako tu,
imekwenda kilomita laki nne na nusu,
na kwenye baridi hii hukubali mara ya tatu.
Ila niliiwasha tangu ulipoingia.
Isikilize.